Muulize Mama Studio: Negativu kubwa za babu, tazama mfuniko wa skana kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja: negativu kubwa za zamani zilizolala uvunguni na darini, na namna ya kuziingiza kwenye kompyuta. Nimejibu chache zinazowakilisha nyingine. Walioniuliza kuhusu taa za harusi wanivumilie kidogo.

SWALI: Shikamoo Mama Studio. Kamwene. Babu yangu alikuwa na studio hapa Iringa mjini, na alipofariki sanduku lake la negativu likabaki kwangu. Ni filamu za nyeusi na nyeupe, moja moja si za rola, kubwa kuliko kiganja changu. Nilipeleka tatu steshenari, kijana akaziskani zikatoka nyeusi tii. Sasa nataka skana yangu mwenyewe. Kuna muuzaji ana Epson Perfection V600 mpya, na mwingine ana V700 iliyotumika, lakini huyu wa mtumba anataka pesa nyingi kuliko yule wa mpya. Zote zinasema 6400 dpi, yaani nukta kwa inchi. Kwa nini nilipie zaidi kitu kilichotumika? – Mjukuu, Kihesa, Iringa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana wa steshenari usimlaumu. Mashine yake ni ya vyeti na vitambulisho: taa iko chini ya kioo, inamulika karatasi, na mwanga unarudi kwenye kihisi. Negativu kazi yake ni kupitisha mwanga, kwa hiyo inataka taa ya pili ndani ya mfuniko, imulike kutoka juu huku filamu ikiwa katikati. Skana isiyo na taa ya mfuniko, hata iandikwe nukta elfu kumi kwa inchi, ukiiwekea filamu itakupa giza. Zile nyembamba za aina ya CanoScan LiDE, zinazotumia umeme wa waya wa USB peke yake, ni nzuri kwa nyaraka, ila filamu kubwa hazisomi.

Swali lako jibu lake liko kwenye huo mfuniko. V600 ina taa ya juu, lakini ni ya ukanda mwembamba: upana wa sentimita 6.8 hivi, urefu karibu 24. Ukanda huo unatosha filamu ndogo ya milimita 35 na ile ya rola pana iitwayo 120. Negativu ya inchi 4 kwa 5 ina upana wa sentimita 10. Ukiilaza pale, sehemu itaonekana na sehemu itabaki gizani. V700 inamulika eneo la inchi 8 kwa 10, yaani sentimita 20 kwa 25, na inakuja na fremu ya kushikia filamu za 4 kwa 5. Huyo muuzaji wa mtumba anajua anachouza.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua rula upime, maana kiganja si kipimo. Kamera za Kijerumani za zamani nyingi zilitumia sentimita 9 kwa 12, na kubwa zaidi 13 kwa 18. Za Kiingereza zilikuwa na robo ya sahani, 8.3 kwa 10.8, na nusu ya sahani, 12 kwa 16.5. Utaona kwamba hata iliyo ndogo kuliko zote hapo inazidi ule ukanda wa V600. Wapo wanaoiskani negativu mara mbili, upande huu na upande ule, kisha wanaunganisha kwenye kompyuta. Inawezekana, mradi uzime marekebisho yote ya kujiendesha, la sivyo nusu moja itatoka na weusi tofauti na nyingine na mshono utaonekana katikati ya paji la uso wa bibi harusi. Kwa negativu tatu, fanya. Kwa sanduku zima, utachoka hujafika nusu, na sanduku litarudi uvunguni.

Sasa hiyo 6400. Namba ya kwenye boksi inahesabu vitundu vya kihisi. Lenzi na kioo haviulizwi. Waliozipima mashine hizi kwa vibao vya mistari wamepata kwamba V700 inachoweza kukitofautisha kweli ni kama nukta 2300 kwa inchi, na V600 haifiki hata 2000. Usikate tamaa kwa kusikia hivyo. Filamu ya 35 kwa nukta 2300 inakupa kama megapikseli 7 tu, ndiyo maana wenye filamu ndogo wanalalamikia skana hizi. Filamu ya 4 kwa 5 ina eneo karibu mara 15 ya hiyo. Kwa nukta zilezile 2300 unapata megapikseli zaidi ya 100. Babu yako alishakufanyia kazi ngumu kwa kubeba kamera nzito. Skana ya wastani inakutosha.

Utasikia pia habari za V800 na V850. Zilitoka mwaka 2014 na tofauti yake kubwa na V700 ya mwaka 2006 ni taa: za karibuni zina LED inayowaka hapo hapo, V700 na pacha wake V750 zina taa ya tyubu inayotaka kupata moto kwanza na inayochakaa kwa miaka. Ubora wa picha kwa nyeusi na nyeupe unakaribiana sana. Mimi nisingelipa bei mara mbili kwa ajili ya taa. Hata Epson 4990 iliyotangulia inamulika inchi 8 kwa 10, ukiipata kwa bei ya kutupwa ichukue.

Ila usinunue mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Fungua mfuniko, chukua tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa kuilaza pembeni. Skana hizi zina tabia ya kutoa ukungu mweupe upande wa ndani wa kioo, na ukungu huo hautoki kwa kitambaa, mpaka kioo kifunguliwe. Ukungu mwembamba si mwisho wa dunia, ila unafifisha weusi wa picha, na ni sababu nzuri ya kushusha bei. Kisha skani hewa tupu kwa hali ya filamu: ukiona mistari mirefu inayopita picha nzima, kuna vumbi kwenye kihisi au kwenye kile kidirisha chembamba cha juu ya kioo ambacho mashine hukitumia kujipima kabla ya kazi. Kidirisha hicho kisizibwe kamwe, wala na fremu wala na kidole.

Fremu ndiyo watu wanaisahau. Lenzi kali ya V700 imewekewa umbali wa kama milimita 3 juu ya kioo, na fremu ndiyo inayoinyanyua filamu hadi hapo. Zina vijiguu vya kubadilisha urefu. Muuzaji akisema fremu zimepotea, punguza bei, kisha ukakate fremu yako ya plastiki ngumu.

Kama mashine inatoka Dar kwa basi, ina kitasa cha kusafirishia kinachokaza kigari cha ndani kinachobeba kihisi, kisitembee. Kifungwe kabla ya safari na kifunguliwe kabla ya kuwashwa. Kwa kona za Kitonga, kilo 6.6 za vioo na reli zisizokazwa zitakufikia kama njuga.

Kuhusu zile skana za kitaalamu za bei kubwa, za ngoma inayozungusha filamu na Flextight ya Hasselblad: ndiyo, zinazidi zote hizi kwa ukali na kwa kuingia kwenye weusi mzito. Hasselblad waliacha kutengeneza Flextight mwaka 2019, na bei ya iliyobaki inanunua kiwanja. Negativu moja ya thamani ya pekee unaweza kumpa mtu aende nayo nje ikaskaniwe. Sanduku la babu, V700.

SWALI: Mama, nimeazima V850 ya rafiki na nimeskani negativu za 4 kwa 5 kwa 6400 kama nilivyoshauriwa. Kompyuta mpakato inaganda, diski imejaa, na picha nyingine inakataa kabisa kuhifadhiwa. – Mwalimu, Njombe.

JIBU: Mwalimu, piga hesabu pamoja nami. Inchi 4 mara 6400 ni 25,600. Inchi 5 mara 6400 ni 32,000. Zidisha upate nukta milioni 819 za picha moja. Kwa rangi za biti 48 kila nukta inakula baiti 6: gigabaiti 4.9. Faili la kawaida la TIFF mwisho wake ni gigabaiti 4, ndiyo maana linakukatalia. Na yote hayo ni hewa, kwa sababu lenzi yenyewe haifiki mbali hivyo, kama nilivyomwambia Mjukuu hapo juu.

Weka 2400, na kama ni nyeusi na nyeupe chagua kijivu cha biti 16. Faili litakuwa kama megabaiti 230. Kwa picha za familia ambazo kubwa yake itakuwa ya kutundika sebuleni, 1200 inatosha: inakupa nukta 4800 kwa 6000, megabaiti 58, na unachapa inchi 16 kwa 20 bila mtu kuona kasoro. Hifadhi TIFF kama mama wa picha, kisha toa JPEG za kutumiana WhatsApp. Ukianza na JPEG, giza la shati jeusi na weupe wa kanzu vitakuwa vimeshakatwa na havirudi. Umeme wa Njombe nao unaujua: kila ukimaliza dazeni, nakili kwenye diski ya pili, usisubiri jioni.

SWALI: Dada, habari za siku nyingi. Mimi ni mpiga picha wa zamani, sasa nakaa Mwanjelwa. Ninazo negativu zangu za studio, 4 kwa 5 na za 9 kwa 12. Kijana wangu ana kamera ya kidijitali ya megapikseli 24 na ile lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo. Anasema skana ni kupoteza pesa, tuzipige picha tu. Mimi naona ni ujanja wa vijana. – Mzee wa chumba cha giza, Mbeya.

JIBU: Kaka, salama kabisa. Safari hii kijana ana haki, na wewe una kifaa ambacho yeye hana.

Negativu kubwa ni rahisi kupiga kuliko ndogo, maana huhitaji kuikaribia sana. Ya 35 inadai lenzi maalumu ya vitu vidogo. Ya 4 kwa 5, ukitumia kamera yenye kihisi kidogo kama nyingi za vijana wetu, inataka ikuzwe mara 0.15 tu ya ukubwa wake, na lenzi ya 18-55 ikivutwa mwisho inafika hapo na kupita. Upande wa inchi 4 unaingia kwenye nukta 4000 za kamera, kwa hiyo unapata kama nukta 1000 kwa inchi, jumla megapikseli 20. Unachapa inchi 13 kwa 16 ikiwa safi. Na ukishafunga mitambo yako, kila negativu ni sekunde chache, wakati skana inakaa dakika kadhaa kwa moja.

Kifaa ulichonacho ni ile mashine yako ya kukuzia picha. Usiniambie umeiuza chuma chakavu. Toa kichwa, acha nguzo na ubao wake. Nguzo ile imetengenezwa isimame wima bila kutikisika, ina mkono wa kupandisha na kushusha. Mchomelee au mfungie kijana bolti ya kushika kamera ikitazama chini. Stendi za bei nafuu za madukani hazifikii ugumu wake.

Chini ya kamera weka kibao cha LED cha wachoraji, kile chembamba. Nunua kinachosema kimefikia 95 kwenye kipimo cha ukweli wa rangi kama una negativu za rangi. Kwa nyeusi na nyeupe chochote chenye mwanga sawa kotekote kinafaa. Usiweke negativu juu ya skrini ya tableti moja kwa moja, vinukta vya skrini vitatokea kwenye picha. Kama huna kingine, inyanyue sentimita 3 au 4 na uweke katikati kipande cha plastiki nyeupe ya mabango. Mafundi mabango hapo Mwanjelwa wanatupa vipande kila siku.

Chukua manila nyeusi, kata dirisha la ukubwa wa picha, kata lingine kama hilo, na negativu ikae katikati yake kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Mwanga unaopita pembeni ya negativu ukiingia kwenye lenzi unafifisha kila kitu, kwa hiyo manila ifunike kibao chote isipokuwa dirisha. Usiibane kwa kioo cha fremu ya picha. Filamu laini ikigusa kioo laini inatoa zile pete za rangi za mafuta juu ya maji, na haziondoki kwa kompyuta. Hata kwenye skana ni hivyo: kama lazima ilale kwenye kioo, laza upande usiong'aa chini, kisha geuza picha kwenye programu. Ukiona maandishi ya kibao cha duka kwenye picha yanasomeka kinyume, umesahau kugeuza.

Sasa usawa. Weka kioo cha kujitazamia juu ya kibao, tazama kupitia kamera. Unapaswa kuiona lenzi yenyewe ikikutazama katikati kabisa ya picha. Ikikaa pembeni, kamera imeinama; sogeza mpaka ikae. Ni kazi ya dakika mbili na hakuna pima maji itakayokupa usahihi huo.

Zima taa za chumba na funga pazia. Kamera iwe ISO 100, tundu f/8, faili RAW (faili ghafi la kamera), hesabu ya sekunde mbili ili mkono usiiguse. Kuza picha kwenye skrini ya nyuma na ulenge kwenye chembe za filamu zenyewe, usilenge kwenye macho ya mtu, maana huenda siku ile macho yenyewe hayakulengwa vizuri. Mwanga uongeze mpaka sehemu nyeupe za negativu zikaribie kuungua, zisiungue. Na kwa kuwa unakaa karibu na barabara kuu, subiri: malori ya Tunduma yakipita, meza yako inacheza hata kama wewe huhisi.

Ukitaka zaidi ya hapo, sogeza kamera karibu, piga robo nne za negativu moja zikipishana theluthi hivi, mwanga ukiwa umefungwa kwa mkono, kisha kompyuta iziunganishe. Kinachosogea kiwe negativu, kamera ikae pale pale. Kwa negativu ulizozipenda tu. Ukitaka kuzifanyia zote hivyo, bora ununue skana.

SWALI: Nimebonyeza sehemu ya kuondoa vumbi kwenye skana, nyuso za watu zimekuwa kama zimeyeyuka. Mashine ni mbovu? – Dada wa Mafinga.

JIBU: Nzima kabisa, mdogo wangu. Kitu hicho, kinaitwa Digital ICE, kinamulika filamu kwa mwanga usioonekana. Kwenye filamu ya rangi mwanga huo unapita kwenye rangi kama hakuna kitu na unagonga vumbi na mikwaruzo, hivyo mashine inajua pa kuziba. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe picha yake ni fedha, na fedha inauzuia mwanga huo kama vumbi linavyofanya. Mashine inaona picha yote ni uchafu, inaanza kuziba nyuso. Kizime. Ni filamu chache za nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za rangi, kama Ilford XP2, ndizo zinazokikubali.

Vumbi liondoe kabla. Pampu ya mpira ya kupuliza, kisha brashi laini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha alama. Usipanguse kwa kanga hata iwe laini vipi. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wakifuta kazi ya mikono ya watu. Chukua negativu ya uso, iinamishe karibu na dirisha, tazama upande usiong'aa. Kwenye mashavu, chini ya macho, kwenye mkunjo wa shingo, utaona mistari midogo midogo inayong'aa kijivu. Ni penseli. Fundi wa studio alikaa na penseli iliyochongwa kama sindano akijaza yale maeneo meupe ya negativu, ili kwenye picha mikunjo na chunusi zisitoke. Wengine walipaka wino mwekundu mwembamba. Ukipitisha spiriti pale, mteja wake atarudi kuwa na chunusi zake za mwaka ule, na wino utatiririka hadi kwenye kola. Sehemu iliyochorwa penseli usiiguse kwa chochote chenye majimaji. Skani hivyo hivyo.

SWALI: Bwana asifiwe. Ofisi yetu ya kanisa wilayani Rungwe ina masanduku mawili ya picha za zamani: sahani za vioo, na filamu kubwa. Baadhi ya vioo vina ukungu kama utando wa buibui. Filamu nyingine zinanuka siki, zimejikunja, na chache zimekuwa za kahawia na zinanata. Tumeshauriwa tuzioshe kisha tuziskani. – Katibu, Tukuyu.

JIBU: Amina, Katibu. Msizioshe. Tukuyu mnapata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, ukungu wenu umelelewa vizuri, nao umekula jelatini, ule utomvu ulioshika picha. Ukiweka maji, utomvu uliodhoofika utaachia na picha itateleza sinki mbele ya macho yako. Toeni sahani kwenye sanduku moja moja, kwa mikono miwili, mkishika kingo. Zisimamisheni kivulini kwenye chumba kikavu chenye hewa, barakoa usoni, ukungu ukikauka utatoka wenyewe kwa brashi laini. Kisha kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Mifuko ya nailoni inafungia unyevu ndani.

Sahani ya kioo kwenye skana: weka vipande vyembamba vya manila kwenye kingo nne za kioo cha skana, laza sahani upande wa picha ukitazama chini, isiguse. Mfuniko ushushe kwa mkono hadi ukae, usiuachie. Sahani yenye ufa isiskaniwe hivyo. Ipigeni kwa kamera juu ya kibao cha mwanga, kama nilivyomweleza mzee wa Mwanjelwa.

Zinazonuka siki ni filamu za asetati, aina ya plastiki, zinazooza, na mvuke wake unaziambukiza jirani zake. Zitengeni leo, ziwe chumba kingine, na hizo ndizo za kuskani kwanza, maana zikijikunja zaidi hakuna fremu itakayozinyoosha. Za vioo zinaweza kusubiri.

Zile za kahawia zinazonata ndizo zinazonipa wasiwasi. Tazameni ukingoni. Kama limechapwa neno SAFETY, ni asetati. Kama halipo na filamu ni ya kabla ya mwaka 1950 hivi, ichukulieni kuwa ni ya naitreti, aina ambayo Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1951. Filamu hiyo inawaka kirahisi kuliko karatasi, na ikishawaka inajitengenezea hewa yake, hata maji au blanketi havizimi, na moshi wake ni sumu. Mtu asije akawaambia mkate kipande mkichome mjue ni ipi. Itoeni kwenye jengo wanamolala watu, iwekeni sehemu ya baridi yenye kupitisha hewa, ndani ya bahasha za karatasi, si kwenye kopo lililofungwa kabisa. Iliyokwisha kunata isiwekwe kwenye skana, joto la taa si rafiki yake. Ambayo bado ni kavu na safi, mtu mwenye mikono mitulivu aipige kwa kamera juu ya LED isiyo na joto, moja moja, nyingine zikiwa mbali. Na kwa masanduku ya aina hiyo, waandikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla hamjatupa hata moja. Orodha yenu iwe na kilichoandikwa nyuma ya kila bahasha ya zamani, hata kama ni jina la kijiji tu na mwaka, kwa sababu mkibadilisha bahasha bila kunakili maandishi, mtabaki na nyuso msizozijua.

SWALI: Nimepewa bure skana kubwa ya ofisi ya zamani, ina mfuniko wa taa wa filamu. Windows mpya haiitambui. Niitupe? – Vwawa.

JIBU: Geuza nyuma uangalie tundu la waya. Kama ni USB, jaribu programu ya VueScan kabla ya kukata tamaa. Inaendesha skana nyingi ambazo watengenezaji wake walishaacha kuzihudumia, na unaweza kuijaribu bure, itakuwekea alama tu juu ya picha mpaka ulipie. Kama tundu ni lile pana lenye pini nyingi, SCSI, au FireWire, utahitaji kompyuta ya umri wake na waya ambao utautafuta hadi uchoke. Toa kioo chake, kitakufaa kwenye meza ya kupigia negativu. Mfuniko wa taa mpe fundi redio.